Baba Mkwe na Mgeni wa Uvunguni

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: sikumpenda Baba Mkwe, na hadi leo sijampenda. Najua watu wa kanisani kwetu Dallas wakisoma haya watashika vichwa, kwa sababu kwao alikuwa mzee wa busara, mtu wa kukalishwa kiti cha mbele na kupewa maikrofoni. Hao hawakuishi naye. Mimi niliishi naye nyumba moja pale DeSoto, kitongoji cha Dallas, nikampikia, nikamfulia mashuka, nikampima presha, na muda wote huo hakunitamkia neno moja uso kwa uso.

Kwao Tukuyu, baba mkwe na mke wa mtoto wake hukwepana. Hawatajani majina, hawali meza moja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Mama mmoja wa huko aliwahi kunisimulia kwamba zamani mke wa mtu akimwona mkwe anakuja aliruka kwenye migomba akajificha hadi apite. Siku hizi wengi wamelegeza, mkwe anapigiwa simu na kutumiwa picha za wajukuu kama mtu mwingine yeyote. Baba Mkwe hakulegeza. Mimi ni mtu wa Morogoro, na kwetu mkwe anaamkiwa, anawekewa maji ya kuoga, maisha yanaendelea. Nilipoolewa niliambiwa nitazoea. Ila haikuwa mila iliyoniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba aliikumbuka pale tu ilipompunguzia kazi.

Alikuwa na kikohozi maalumu. Hakikuwa cha ugonjwa. Akitaka kutoka chumbani kwake kwenda chooni, au kupita koridoni kwenda sebuleni, alisimama mlangoni akakohoa, kavu, kama mtu anayegonga meza kutaka watu wanyamaze. Maana yake ilikuwa: napita, kaa hapo hapo ulipo. Kama nilikuwa jikoni nilibaki jikoni. Kama nilikuwa koridoni na kapu la nguo nilirudi kinyumenyume hadi chumbani kwangu na kufunga mlango. Mwanzoni nilikuwa nikicheka. Baadaye mwili ulizoea wenyewe, ikawa nikikisikia hata usingizini nageukia ukutani na kuendelea kulala.

Mazungumzo yetu yote yalipitia kwa binti yangu, Atu. Yeye amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri sana lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Baba Mkwe anakaa mezani, mimi niko jikoni mlango wazi, naye anasema, "Atu, mwambie mama yako wali una chumvi nyingi."

"Mom, Grandpa says it's too salty."

"Mwambie babu yako wali sijautia chumvi hata punje."

"Babu, she says there's no salt."

"Basi mwambie ndiyo maana."

Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa akicheka hadi machozi akihadithiwa hayo kwa simu. Yeye alikuwa Arizona au sijui Tennessee, kwa hiyo ilikuwa rahisi kucheka.

Kwenye gari ilikuwa hivyo hivyo. DeSoto huendi popote bila gari, na mwenye gari pale nyumbani nilikuwa mimi. Nilimpeleka kliniki, nikampeleka kanisani, nikampeleka kunyoa. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa abiria, uso dirishani. Atu akiwepo alisema, "Mwambie dereva apite kushoto." Atu akiwa shule aliiambia barabara. "Hapa mtu mwenye akili hupita kushoto," alisema, akiangalia malori. Nikipita kulia aliguna safari nzima.

Presha yake iliponitia wasiwasi nilimletea kipimo. Sasa mkwe atampimaje mkwe? Alilitafutia ufumbuzi mwenyewe. Alikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, akaufungua kidogo, akatoa mkono mmoja nje hadi kwenye kiwiko. Nikaufunga ule mkono, nikapampu, nikasoma, nikaandika. Mkono ukarudi ndani. Nimefanya unesi miaka mingi, nimeona wagonjwa wa kila namna, lakini kuuhudumia mkono usio na mtu sikuwahi. Na usifikiri alisema asante. Aliuliza kwa sauti, akiuliza kitasa, kama chakula cha mchana ni maharage tena.

Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa usimamizi kwenye mashamba ya chai, na kuhusu chai sina cha kumpinga. Siku ya kwanza kufika aliichana pakiti ya majani niliyonunua dukani, akamwaga kiganjani, akanusa. "Haya ni mavumbi ya kufagia sakafu ya kiwanda," akamwambia Atu. Tangu siku hiyo majani yalitoka Mbeya, kwa kila msafiri aliyekuwa anakuja. Alimfundisha Atu kuonja kwa kuvuta kwa kelele, kuacha chai ipite chini ya ulimi, na kusema iliyovunwa wakati wa mvua na iliyovunwa kiangazi. Mtoto wa miaka sita alikaa naye kibarazani nyuma ya nyumba wakivuta chai kama pampu mbovu, wakiwa na furaha zao. Alimpenda yule mtoto. Hilo nalisema, ingawa kulisema hakunipi raha yoyote.

Kanisani walimwita kusuluhisha ndoa. Niliwahi kumsikia mwenyewe, akiwa mbele na maikrofoni, akimwambia kijana mmoja aliyekuwa amenuniana na mkewe, "Mwanangu, mke ni mtu wa kuzungumza naye. Kaa chini, mtazame, zungumza naye." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye meza ya chakula, nafunika sufuria la pilau na foili, na nilitamani nimpige nalo.

Hayo yote, nikiwa mkweli, ni mambo ya kuvumilika. Watu wanaishi na wakwe wabaya kuliko huyo. Kilichonifanya nimchukie ni uvungu wa nyumba na kifua cha mtoto wangu.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Chini yake kuna uvungu ambao mtu mzima anaingia kwa kutambaa, kupitia kimlango kilicho ubavuni. Sakafu kwa upande wa chini imepigiliwa ile pamba ya pinki ya kuzuia baridi na joto, na mabomba mapana ya hewa ya AC yanapita humo humo kwenda kila chumba. Tuliponunua hakuna aliyetuambia kwamba uvungu ni sehemu ya nyumba inayotakiwa kuangaliwa. Kwetu nyumba inakaa chini kwenye saruji, habari imeisha. Mimi kile kimlango nilidhani ni cha mafundi wa maji.

Atu ana pumu. Alikuwa nayo tangu mdogo, lakini ilikuwa imetulia. Ule mwaka ikaamka. Anaamka asubuhi anakoroma kifuani, anashindwa kumaliza kifungua kinywa. Nilitoa kapeti, nikabadili sabuni, nikafukuza maua yote, nikalaumu miti ya Texas na chavua zake. AC ikiwaka chumbani kwake nilisikia kaharufu kama ka banda la kuku. Nikasafisha tundu la hewa, nikaweka kichujio kipya, harufu iko pale pale. Nilikuwa narudi kutoka zamu, kabla sijavua viatu naenda kuweka sikio mgongoni kwa mtoto. Nilichokuwa nataka duniani kilikuwa kimoja, yule mtoto avute pumzi bila kufikiria.

Na wakati huo Baba Mkwe alikuwa na siri yake ya furaha. Nilimwona akitoka jioni na sahani, anazunguka ubavuni mwa nyumba, anarudi na sahani tupu. Nilidhani anamwaga makombo. Yeye, ambaye nikitupa kiporo cha ugali alimwambia Atu kwamba mama yake hajawahi kuona njaa.

Siku moja Atu akaropoka mezani. "Mom, Grandpa has a lucky armadillo. It lives under my room."

Huyo ni mnyama wa kawaida sana hapa, mwenye gamba mgongoni, mdomo mrefu, anachimba bustani za watu usiku na kugongwa na magari. Baba Mkwe alipomwona akiingia uvunguni alidhani ni kakakuona. Na kakakuona, kwa watu wa kule kwao, si mnyama wa kufukuza. Anaonekana kwa nadra, na akimfuata mtu nyumbani ni baraka. Anawekewa mbele yake unga, maji na kisu au mkuki, watu wanatazama atakiendea kipi. Akienda kwenye unga, mwaka wa shibe. Akienda kwenye maji, mvua na uzima. Akienda kwenye kisu, jiandaeni. Basi mzee wetu alikuwa amempangia yule mchimba bustani sahani ya sembe, bakuli la maji na kisu changu cha kukatia nyanya ambacho nilikitafuta mwezi mzima. Na kwa kuwa mgeni alikuwa anakuja kila siku, naye akamwekea kila siku.

Nilimpigia simu fundi mmoja Mkongo anayekaa Vickery Meadow, anayetengeneza nyumba za nusu ya watu wetu. Alikuja na ovaroli na taa ya kichwani, akaingia uvunguni. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na pamba ya pinki hadi kwenye nyusi.

"Mama," akasema, "huku chini kuko fujo. Banyama balipasua pamba yote, balifanya nayo kitanda. Na tuyau ya clim, bomba ya AC, imepasuka, ile inaenda kwa chumba ya mtoto. Inavuta hewa ya mavi, inapeleka kule juu."

"Wanyama gani? Ni yule mmoja mwenye gamba?"

"Ule alichimba tu tobo. Benye balipasua ni rakuni, bale banyama ba usiku ba mikia ya milia. Ni famille, mama, baba na batoto. Balifuata chakula." Akajipangusa uso. "Kuko mtu anabalisha. Niliona sahani."

Akanionyesha picha kwenye simu. Pamba inaning'inia vipande vipande kama matambara, nyingine imeloa mkojo na kuwa nyeusi, vinyesi vimerundikana pembeni, na bomba la hewa limechanwa mdomo wazi. Katikati ya uchafu huo, imewekwa vizuri kabisa, sahani yangu ya maua. Nilizitazama zile picha moja moja. Mwanangu alikuwa anapumua hewa hiyo.

Nilimpigia mume wangu, naye akampigia baba yake, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. "Mzee anasema yeye kalala na mbuzi ndani utoto wake wote na hajawahi kukohoa. Anasema mtoto kazaliwa na kifua, si mambo ya mnyama."

"Na wewe unasemaje, Baba Atu?"

"Mimi nasema tuzibe. Lakini usimkabili mzee, tafadhali. Nitaongea naye nikirudi."

Tukaziba. Fundi aliwatoa wale rakuni kwa mlango wa kutokea usioruhusu kurudi, akahakikisha watoto wametoka na mama yao, akang'oa pamba yote, akapuliza dawa, akabandika pamba mpya, akaunga bomba, akafukia tundu na kufunga kimlango kwa wavu mnene wa chuma. Ndani ya wiki chache Atu alikuwa anakimbia tena. Nilikuwa nikiweka sikio mgongoni kwake sisikii kitu, na nakaa hapo hapo nikisikiliza hicho kitu ambacho hakipo. Kwa Baba Mkwe nilipeleka ujumbe mmoja tu, kupitia kwa Atu: pale mahali pamefungwa, asipaguse.

Alikohoa akaenda chumbani kwake. Nilidhani ameelewa.

Mzee aliyesimamia mashamba alikuwa na koleo lake kwenye sanduku, pamoja na bisibisi na utepe wa kupimia, vitu alivyotoka navyo Tanzania kana kwamba Marekani hakuna chuma. Alikata wavu. Aliukata kwa ustadi, pembe moja tu, akaukunja ndani ili kutoka mbali uonekane mzima. Mume wangu alipomuuliza baadaye alisema alikuwa anamsikia mgeni akikwaruza nje, na kwamba hawezi kumfungia mlango mgeni aliyekuwa amekwishachagua maji. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba mnyama alichagua maji. Uzima, maana yake. Alikuwa na uhakika nao kabisa, na mimi nilikuwa na picha za vinyesi.

Rakuni hawakuhitaji kualikwa mara mbili. Joto lilikuwa limeanza, AC inafanya kazi mchana kutwa, na mimi sikujua lolote kwa sababu wavu nilikuwa nauona uko mahali pake.

Ilikuwa likizo ya shule. Nilirudi asubuhi kutoka zamu, nikamsikiliza Atu kifua, nikakiona kina kamluzi kadogo, nikampa dawa. Nikamwambia, "Mimi nalala. Ukijisikia vibaya njoo uniamshe, mlango sijafunga." Dawa ya kuvuta nikaiacha kwenye mkoba wangu, chumbani kwangu. Nikalala.

Nilisikia kikohozi usingizini. Kile kikavu, mlangoni kwangu. Nikageukia ukutani. Nikakisikia tena, na tena, kimekazana, na mwili wangu uliozoea kwa miaka ukaniambia mzee anapita, kaa hapo hapo ulipo.

Kumbe Atu alikuwa ameanguka magotini chumbani kwake, midomo imebadilika rangi, hawezi kutembea wala kuita. Babu yake alimwona. Alikuja hadi mlangoni kwangu, na mlango ulikuwa umeegeshwa tu, ungesukumwa kwa kidole. Alisimama pale akakohoa. Alipoona sitoki, hakusukuma. Hakuniita. Alitoka nje ya nyumba, akavuka barabara kwa zile kandambili zake, akaenda kumgongea mama mmoja wa Kimeksiko asiyeelewana naye kwa lugha hata moja, akamvuta mkono, akamwonyesha kifua chake na kufungua mdomo kama samaki.

Yule mama, Mungu ambariki, alielewa. Ndiye aliyepiga teke mlango wangu. Nilifumbua macho nikamwona jirani juu yangu anapiga kelele kwa Kihispania, na nyuma yake, koridoni, mgongo wa Baba Mkwe ukiwa umegeuzwa ili asinione nikiwa kitandani.

Sitasimulia safari ya ambulansi. Atu alipona. Daktari alisema tulifika kwa wakati, na mimi ni nesi, najua "kwa wakati" ni maneno anayoambiwa mzazi aliyenusurika kumpoteza mtoto.

Jioni nilimkuta Baba Mkwe kwenye korido ya hospitali, mwanakwaya mmoja wa kanisani alikuwa amemleta. Alikuwa amesimama ameielekea mashine ya kuuza soda. Nikaenda nikasimama karibu yake, karibu kuliko ilivyoruhusiwa.

"Baba," nikasema. "Nilikuwa nimelala nyuma ya mlango. Mlango haukuwa na kufuli. Kwa nini hukuingia?"

Nikauliza tena, kwa sauti, manesi wakageuka.

"Mwambieni," aliiambia ile mashine, "chumba cha mkwe hakiingiliki."

Hakukuwa na wa kuambiwa. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia sitaki kumkuta nyumbani kwangu nitakaporudi na mtoto, na kwamba hilo sitalituma kwa mtu, nimemwambia mwenyewe. Mume wangu aliegesha lori lake huko alikokuwa, akapanda ndege, akampeleka Houston kwa mdogo wake, shemeji yangu. Fundi alirudi uvunguni akaanza kazi upya tangu mwanzo. Ndiye aliyeuona wavu uliokatwa, na hakusema kitu, aliniita tu nije kuangalia.

Kanisani waliniuliza mzee yuko wapi. Nilisema yuko kwa mtoto wake mwingine, hewa ya Houston inamfaa. Wengine walijua na wakanichukulia kama mtu aliyemtupa baba jalalani. Mama mmoja aliniambia wazi, "Dada, mzee ni mzee." Nikamwambia na mtoto ni mtoto, akaninunia hadi leo. Atu alimlilia babu yake kuliko nilivyotegemea, na alikuwa akimpigia simu ya video wanavuta chai kwa kelele, huyu DeSoto na yule Houston. Sikumkataza. Nilikuwa natoka tu chumbani.

Ilipita miaka miwili. Kisha shemeji akawa anamuaga binti yake anayeolewa, na ikanibidi niende Houston nitake nisitake. Niliendesha kutoka zamu moja kwa moja, Atu nyuma na magauni yamefunika dirisha. Pale kwa shemeji nyumba ni ya ghorofa, imekaa chini kwenye zege, haina uvungu, nilikagua kabla sijashusha mizigo. Wake wa pale waliniona macho yamevimba wakanipeleka juu chumba cha watoto nikalale kidogo kabla ya sherehe. Baba Mkwe nilikuwa nimemwona kwa mbali, kakaa sebuleni, amepungua, fimbo imelazwa mapajani. Magoti yalikuwa yamekwisha, waliniambia. Chumba chake kilikuwa chini na ngazi hakuwa akizigusa tena. Hatukusalimiana, na mimi niliona hivyo ni vizuri.

Nililala usingizi mzito wa mchana. Kilichoniamsha ni mlango kufunguliwa kwa nguvu hadi ukagonga ukuta.

"Rehema."

Sauti niliijua, lakini haikuwahi kutamka jina hilo. Nikainua kichwa. Baba Mkwe alikuwa ndani ya chumba. Hakuwa na fimbo wala viatu, ameshika nguzo ya kitanda cha watoto, na alikuwa ananitazama usoni.

"Rehema, amka. Mtoto anakohoa."

Nilimpita sijui nilipitaje. Nilishuka zile ngazi na mkoba mkononi. Atu alikuwa jikoni na binamu zake, machozi yanamtoka, anacheka, mdomo mwekundu.

"I'm fine, Mom," akasema. "They put so much pilipili on the chips."

Nilimshika, nikaweka sikio mgongoni kwake mbele za watu wote, akaona aibu akanisukuma. Hakuwa na mluzi. Nikafunga mkoba, kisha nikapanda kwenda kuchukua viatu vyangu. Nilipokuwa navitafuta Baba Mkwe alitangulia kutoka chumbani, na niliporudi kushuka nilimkuta amekaa katikati ya ngazi, mkono mmoja kwenye reli. Alikuwa amejaribu kushuka akashindwa. Alihema vibaya, na nyayo zake zilikuwa zinatetemeka.

"Ni mzima?" akaniuliza. Aliniuliza mimi.

"Mzima. Ni pilipili."

Akaitikia kwa kichwa. Nikasimama juu yake na viatu mkononi, na hasira yote ya ile korido ya hospitali ikanirudia kama ilikuwa ya jana. Nyumbani kwangu hakukuwa na ngazi. Kutoka chumbani kwa Atu hadi kwangu ni sakafu tupu.

Sijui kama niliyasema hayo au yalionekana tu usoni, kwa sababu yeye ndiye aliyejibu.

"Kule nilikuwa na miguu," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ulikuwa nayo."

Hakugeuza uso. Nilisubiri kidogo kama kuna zaidi, halafu nikaweka viatu chini, nikamshika kwapani nikamwinua, maana alikuwa ameziba njia na mimi nilitaka kushuka.